Maswali ya Ardhi na Nyumba: Orodha ya wenye viwanja huanzia mtaani, barua baadaye

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zinazungukia jambo moja: dalali anataka kuwaandikia wenye viwanja mwenyewe badala ya kuwangoja wamfuate. Tumelitanguliza swali lililobeba mengine.

Swali: Shikamooni wahariri. Mimi ni dalali wa viwanja hapa Mwanga, Kigoma. Nimefuatilia mafunzo ya Wamarekani mtandaoni. Wenzetu wananunua orodha ya wenye nyumba, wanatuma barua mia tano au elfu, anayejibu wanafunga naye mkataba kwa bei ya chini, kisha mkataba wenyewe wanamuuzia mtu mwenye fedha taslimu. Orodha kama hiyo ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji naipata wapi, na kwa shilingi ngapi?

Jibu: Marahaba. Haiuzwi, na atakayekwambia anayo ya kuuza mkimbie. Ukielewa kwa nini haiuzwi utajua pia pa kuanzia.

Kule Marekani kaunti nyingi zina daftari la kodi ya majengo ambalo mwananchi yeyote anaruhusiwa kulisoma. Mna jina la mwenye nyumba, anwani ya nyumba, na anwani anakopelekewa bili ya kodi. Anwani hizo mbili zikitofautiana, inajulikana kuwa mwenye nyumba haishi pale. Kuna pia orodha za waliolimbikiza kodi, kumbukumbu za mirathi mahakamani, na ilani za benki kwa waliokwama na mikopo. Kampuni hukusanya hayo yote na kuyauza yakiwa yamechujwa: anayeishi mbali, anayedaiwa kodi, aliyekaa na nyumba miaka mingi. Jina linalotokea kwenye orodha mbili au tatu kwa pamoja ndilo linaloandikiwa kwanza. Posta yao nayo ina kumbukumbu za waliohama za miezi 48 nyuma, zinazotumika kusahihisha anwani kabla barua hazijatoka.

Kwetu daftari la ardhi linafunguliwa kiwanja kimoja kimoja. Unapeleka namba ya hati, au namba ya kiwanja na kitalu, unalipia, unapewa taarifa ya upekuzi ya kiwanja hicho tu. Hakuna dirisha la kuomba majina ya wenye viwanja wote wa Gungu. Karani akikuchapia orodha hiyo pembeni kwa kupewa chai, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawagusa nyote wawili. Isitoshe, orodha ya namna hiyo ni mbovu kwa kazi yako. Ina majina ya waliogawiwa viwanja enzi hizo, na wengine walishauza zamani kwa karatasi za mauziano ambazo hazikuwahi kufika ofisi ya ardhi. Utamwandikia mtu kuhusu kiwanja ambacho si chake tena, na ukikuta amekuwa tapeli atakuuzia.

Kwa hiyo Mmarekani anaanza na jina akaishia kwenye nyumba. Wewe anza na kiwanja, uishie kwa mtu.

Chagua eneo dogo: mtaa mmoja, vitalu viwili, visizidi viwanja 200 kwa awamu ya kwanza. Ofisi ya ardhi ya manispaa omba kununua nakala ya mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Mchoro unaonyesha namba za viwanja, mipaka, barabara na matumizi (makazi, biashara, eneo la wazi), na hauna jina la mtu, kwa hiyo hauna ugomvi na sheria yoyote. Pita nao kwa miguu. Kila kiwanja kipe herufi moja: A kimejengwa na watu wanaishi, B kimejengwa ila hakuna anayeishi, C msingi au boma ambalo ujenzi wake umesimama, D pori. A zote zifute hapo hapo.

Fanya kazi hii kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Masika nyasi zinapanda hadi kiunoni, kila kiwanja kinaonekana kimetelekezwa na mawe ya mpaka hayaonekani. Kiangazi utayaona, na utaona pia vitu vinavyoeleza umri wa kutelekezwa. Kwenye boma tazama nondo zilizochomoza juu ya nguzo. Zikiwa zimeshika kutu juu juu tu, ujenzi ulisimama karibuni na huenda mwenyewe anakusanya fedha aendelee. Kutu ikiwa imeshachuruzika na kuacha michirizi ya kahawia kwenye zege, na rundo la matofali ya kuchoma pembeni limeshamezwa na nyasi na pembe zake zimeliwa na mvua, hapo kuna mtu aliyekwama au aliyeondoka. Huyo anaingia orodhani.

Kiwanja kilicholimwa mihogo au mahindi usikiruke ukidhani kina mwenyewe karibu. Mara nyingi anayelima ni jirani aliyepewa ruhusa akilinde, na ndiye mwenye namba ya simu ya mmiliki. Mweleze wewe ni nani na unataka nini, kisha umwombe akuulizie kwa mmiliki kama anaridhia kuandikiwa. Usimwombe namba kwanza. Akishampigia na mmiliki akakubali, una ridhaa mkononi, na barua yako itamkuta mtu anayeitarajia.

Ukutani ukikuta maandishi ya rangi nyekundu "NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI", andika pembeni alama ya mgogoro na uendelee na safari. Wengine wanasoma hapo fursa. Sisi tunaona familia isiyoelewana, au mmiliki aliyewahi kuibiwa, na barua ya dalali italeta moto. Nyumba zenye alama ya X ya hifadhi ya barabara pia ziache nje.

Baada ya kupita mtaani nenda kwenye vyanzo vya wazi. Magazeti yanachapisha matangazo ya minada. Mnada wa ardhi unatakiwa kutangazwa si chini ya siku 14 kabla, na kabla ya kufika huko benki inatakiwa kumpa mkopaji ilani ya siku 60. Gazeti la Serikali lina ilani za hati zilizopotea. Mbao za matangazo za mahakama zina maombi ya mirathi. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wanajua ni kipi kina kesi, na ni lazima wajue unazunguka mtaani kwao kufanya nini. Kiwanja cha C au D ambacho pia kimetajwa kwenye chanzo kingine kinapanda juu ya orodha.

Upekuzi unaolipiwa uwe wa mwisho, kwa vile vilivyobaki tu. Wenye hati unawapekua kwa Msajili wa Hati, na taarifa itakuonyesha mmiliki, rehani kama ipo, na zuio kama lipo. Viwanja vingi havina hati bali ofa (barua ya kugawiwa kiwanja). Faili la kiwanja cha ofa liko ofisi ya ardhi ya manispaa na Msajili hatakuwa na habari nacho. Anayekosea mpangilio huu akaanza na upekuzi anamaliza mtaji kwa viwanja ambavyo angevifuta bure kwa kupita na mchoro.

Kama umeanza na viwanja 200 ukaishia na majina 20, usione umepoteza. Barua 20 zenye sababu, kila moja imeandikiwa mtu unayejua kwa nini angeuza, ni kazi bora kuliko barua elfu za kubahatisha.

Swali: Orodha yangu ipo kwenye Excel lakini imevurugika. Namba za simu zimepungua, na baadhi ya namba za viwanja zimegeuka tarehe. Nimeibiwa au ni virusi? (Msomaji, Kibirizi)

Jibu: Si kirusi wala mwizi. Excel ikiona 0754 na kuendelea inadhani ni hesabu, inaiondoa sifuri ya mbele. Ikiona kiwanja 12/3 inadhani ni tarehe 12 Machi au 3 Desemba, kutegemea kompyuta ilivyopangwa. Na ikishabadilisha, ukirudisha mpangilio wa maandishi haikurudishii 12/3, inakuletea tarakimu tano zisizo na maana. Dawa ni kuchagua safu nzima na kuipanga kuwa maandishi *kabla* ya kuandika chochote. Simu ziandike kuanzia 255. Viwanja vilivyoharibika virudie kutoka kwenye daftari la mkono. Ndiyo maana daftari halitupwi.

Kosa kubwa zaidi hujalitaja ila tunalitarajia: kutofautisha rekodi kwa majina. Ramadhani na Ramadhan, Saidi na Said, Huseni na Hussein. Mtu mmoja anapata barua tatu, au watu watatu wanageuzwa mmoja. Utambulisho wa rekodi uwe kiwanja. Na kwa kuwa Kitalu C kinaweza kuwepo Gungu na kikawepo Mwanga, utambulisho ubebe eneo, kitalu na namba kwa pamoja: GUN-C-0123. Kisha weka fomula ya COUNTIF kwenye safu ya jirani. Panapotokea 2, pana marudio.

Safu nyingine tunazoziona za lazima: herufi ya hali ya kiwanja, sababu ya kuingia orodhani, jina kamili, namna ya kumwita (Mzee, Mama, Ndugu, Hajati), njia ya kumfikia, taarifa imetoka wapi na lini, aina ya nyaraka, tarehe ya barua ya kwanza, jibu, na moja isiyoguswa ikishajazwa: AMEKATAA. Chanzo na tarehe usiviache wazi. Mwenye kiwanja akikuuliza umempataje, jibu liwe kwenye mstari wake.

Swali: Ujiji kuna nyumba nyingi za urithi zimefungwa, wenyewe wako Dar es Salaam na Mwanza. Naona ndiyo dhahabu. Niandikie warithi wote? (Dalali, Kasingirima)

Jibu: Usiwaandikie wote. Warithi sita wakipata barua sita, unapata majibu sita na ugomvi mmoja. Mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa mirathi zilizofunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambazo Ujiji ndizo nyingi, uteuzi wake uko kwenye Fomu Na. 4. Anatakiwa pia kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Na. 5 ndani ya miezi minne, na baadaye hesabu za mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Barua yako iende kwake, na mazungumzo ya kwanza yaanze na Fomu hizo. Kama nyumba haimo kwenye Fomu Na. 5, simama. Kama Fomu Na. 6 imeshapelekwa na nyumba imegawiwa, msimamizi si wa kuuza tena; wauzaji ni waliogawiwa, na kila mmoja anasaini.

Kaka mkubwa anayeshika ufunguo si msimamizi. Wanunuzi wengi waliopoteza fedha Ujiji walisainiwa na mwenye ufunguo, kisha akatokea dada, au mjane mwenye thumni yake (sehemu moja ya nane), ambaye hakuulizwa.

Mirathi ambazo hazijafunguliwa kabisa ziweke kwenye ukurasa wa pembeni. Unaweza kuwaelekeza familia mahakamani, basi. Usilipie gharama ili wakuuzie. Hapo unaonekana umenunua mirathi, na mrithi mmoja akipinga kila kitu kinasimama.

Na kuna adabu isiyoandikwa kwenye sheria. Mjane akiwa edani, miezi minne na siku kumi, barua ya kununua nyumba aliyomo isifike mlangoni kwake. Tangazo la mirathi likionekana mahakamani, andika tarehe orodhani na usubiri.

Swali: Nimetuma barua 60 kwa masanduku ya posta. Zimejibiwa mbili, nyingine kimya, chache zimerudi. Barua ina kasoro gani? (Msomaji, Katubuka)

Jibu: Anza na anwani. Sanduku la posta lililo kwenye faili la kiwanja mara nyingi ni la mwajiri: shule, hospitali, reli, misheni. Mtu alistaafu, barua inalala kwenye meza ya karani. Ukiona sanduku la taasisi, piga simu taasisi hiyo uulize tu kama bado wanampokelea barua. Kwa anayeishi mjini hapa, tumia anwani ya makazi: namba ya nyumba, jina la barabara, kata na postikodi ya tarakimu tano. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 vibao vipo mitaa mingi, na barua ya mkono inafika siku hiyo hiyo. Zilizorudi usizitupe. Kila bahasha iliyorudi inakwambia rekodi ipi ni ya kurekebisha. Wamarekani wanaotuma kwa bei ya jumla, ambayo inataka barua 200 au zaidi kwa mkupuo, hawarudishiwi zisizofika mpaka bahasha iwe na maelekezo maalumu, na ndiyo maana orodha zao zinaoza bila wao kujua.

Barua yenyewe uliyotuambatishia ina ukurasa mzima, haisemi umepata wapi habari za mtu, na inaanza na "HONGERA". Hapa kwetu mtu akipata barua ya mgeni inayotaja kiwanja chake, wazo la kwanza ni utapeli. Liondoe wazo hilo katika mistari mitatu ya mwanzo. Mfano:

*Mzee wangu, shikamoo. Naitwa ____, dalali mwenye leseni ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ofisi yangu iko Mwanga karibu na soko. Anwani yako nimeelekezwa na jirani anayelima kwenye kiwanja chako cha Gungu, baada ya kukuomba ruhusa. Nina wanunuzi wanaotafuta viwanja eneo hilo. Kama una wazo la kuuza mwaka huu, naomba tuzungumze kwa namba iliyo hapa chini au ofisini. Kama huna, nijulishe kwa ujumbe mfupi, nami sitakuandikia tena.*

Imetosha. Usitaje bei; hujaona nyaraka. Usiombe nakala ya hati kwa WhatsApp, maana ndivyo wezi wanavyoomba. Namba kamili ya kiwanja usiiandike, taja eneo tu. Bahasha iandikwe kwa mkono. Barua ya pili baada ya wiki sita, ya tatu baada ya miezi sita, kisha basi.

Majira nayo yana uzito. Wenyeji wengi wanaoishi Dar es Salaam hurudi Kigoma Desemba. Barua ikifika mwanzoni mwa Novemba, familia inakuwa imeshazungumza, na akija anakwenda kukitazama kiwanja. Januari ada za shule zinawafanya wengine wapige simu wenyewe.

Swali: Kwa nini nisitume SMS kwa wote, rahisi na haraka? (Msomaji huyo huyo)

Jibu: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 haikuruhusu kumtumia mtu tangazo asiloliomba hivi hivi, ni lazima awe ameridhia, ujitambulishe, useme lengo, na umpe njia ya kukataa. SMS ya herufi 160 haitoshi kwa hayo pamoja na salamu. Itumie kwa waliokwisha kujibu.

Swali: Mimi ni mama, naishi Ipuli, Tabora. Nimeletewa barua ya mtu anayetaka kununua kiwanja changu ambacho sijakijenga. Sikumbuki kumwambia mtu. Nifanyeje? (Mama wa Ipuli)

Jibu: Shikamoo mama. Kwanza, hulazimiki kujibu. Ukijibu, una haki ya kumuuliza amepata wapi taarifa zako na kumtaka aache kuzitumia. Akikaidi, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Pili, nenda kakitazame kiwanja, uhakikishe mawe ya mpaka yapo na hakuna aliyeanza kuchimba. Kisha pita ofisi ya ardhi uangalie deni la pango la ardhi na masharti ya uendelezaji. Viwanja vingi vya makazi vina sharti la kujengwa ndani ya miezi 36, na anayekaa na pori lenye deni anaweza kupewa ilani ya ubatilisho. Dalali anayejua kazi anajua hilo, na anaweza kulitumia kukutisha ili uuze bei ya kutupa. Ukishalipa pango lako, tishio hilo linapungua nguvu.

Ukiamua kuuza, tafuta mthamini aliyesajiliwa akupe thamani kabla ya kusikia bei ya mtu. Hati isitoke mkononi. Fedha yoyote unayoombwa utangulize, iitwe fomu, usajili au usafiri, usitoe. Na msomaji mwingine ambaye kiwanja chake kina nyumba ya familia akumbuke kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka idhini ya mwenza.

Swali: Nikishampata mwenye kiwanja, naweza kuweka cha juu kimya kimya? (Dalali, Buzebazeba)

Jibu: Cha juu cha kificho ndicho kinachofanya mwenye kiwanja na mnunuzi wakikutana waungane dhidi yako. Njia safi ni mbili. Ya kwanza, kamisheni iliyoandikwa. Ya pili ni mkataba wa maandishi kati yako na muuzaji, wenye bei, muda wa mwisho na kifungu kinachosema wazi kuwa unaweza kumhamishia mtu mwingine haki zako. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 haitambui ahadi ya mdomo ya kuuza ardhi, kwa hiyo bila karatasi huna cha kuhamisha. Muuzaji aelezwe kifungu hicho cha kuhamisha siku ile ile ya kusaini. Hata Marekani mambo yamebanwa: jimbo la Illinois, tangu 2019, anayefanya zaidi ya mkataba mmoja wa namna hiyo ndani ya miezi 12 anatakiwa kuwa na leseni ya udalali. Na TRA haikwepeki, maana uhamisho wa umiliki haupiti bila kodi ya faida ya mauzo kushughulikiwa.

Swali: Orodha yangu ya wanunuzi ina wafanyabiashara watatu wa Bujumbura na mmoja wa Uvira. Wana fedha tayari. Niwauzie? (Msomaji, Kigoma mjini)

Jibu: Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi Tanzania, isipokuwa kwa uwekezaji uliopitishwa na mamlaka ya uwekezaji. Kumtumia Mtanzania asimame kwa jina lake ni kumtengenezea mgeni hasara, kwa sababu mwenye jina ndiye mwenye kiwanja. Waelekeze kwenye kupanga nyumba au ghala, na kwenye orodha ya wanunuzi ongeza safu ya uraia na ya namba ya NIDA, ijazwe kabla hujampeleka mtu kuona kiwanja.